Matone Ishirini kwa Dakika

Mke wangu alianza kujipamba kwa ajili ya dripu mwaka jana. Mimi nasema kujipamba, yeye anasema kuoga. Lakini mimi ni fundi saa. Miaka arobaini na miwili nimetazama vitu vidogo kwa kioo cha jicho moja, na najua tofauti kati ya mtu aliyeoga na mtu aliyejipaka mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Unakwenda hospitali au harusini?" nilimuuliza.

"Nakwenda kulala na sindano mkononi tangu asubuhi mpaka alasiri, mzee. Viwiko vyangu navyo acha vitembee."

Ugonjwa wenyewe ni huu: mwili wake hautengenezi kinga ya kutosha. Mafua ambayo kwangu ni kupiga chafya siku mbili, kwake ni homa ya mapafu. Alilazwa mara tatu kabla daktari hajagundua chanzo. Dawa yake ni kinga ya watu wengine, iliyochujwa kutoka kwenye damu ya wachangiaji, nayo hutiwa mshipani kila baada ya wiki nne. Tangu aanze kuipata hakulazwa tena. Hilo nalikiri mapema, maana yanayofuata hayanipi sifa.

Aliyemtia dawa hiyo alikuwa muuguzi mwanamume, mrefu, wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye vidole safi kama vya mtu asiyewahi kushika bisibisi. Mke wangu alimpa jina la Polepole, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa halimtoki mdomoni. "Polepole, mama. Tunaingia polepole." Alikuwa ananawa mikono kwenye sinki lenye bomba la kufungulia kwa kiwiko, ananawa muda mrefu kama anayetafuta kitu kilichozama. Kisha anavaa glovu, anaupata mshipa kwa mara moja, anatundika chupa, halafu anakaa kando ya kitanda na kuhesabu matone.

Kuhesabu huko ndiko kulikonichoma. Kwenye mrija wa dripu kuna gurudumu dogo la plastiki. Ukilisukuma juu matone yanaongezeka, ukilishusha yanapungua. Polepole alikuwa na saa ya plastiki aliyoibana kifuani kwa pini, saa ya bei ya chini kabisa, tena ilikuwa inachelewa, nilikwisha kuipima. Aliitazama hiyo na kuhesabu kwa sauti ndogo, na mke wangu akahesabu naye. "Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini." Wakimaliza dakika, wanacheka. Kwa nini wanacheka, sijui. Ishirini ina kichekesho gani?

Mtu ataniambia, mzee mzima unamwonea wivu kijana anayemwita mkeo mama. Asikilize kwanza. Nilipokuwa nasoma shule ya jioni, baada ya kazi, kila nilichofundishwa nilikwenda kumfundisha mke wangu somo likiwa bado la moto. Kuzidisha, kugawanya, kusoma gazeti mpaka kurasa za ndani. Hesabu zote alizonazo kichwani ni mimi niliyeziweka. Sasa alikuwa anahesabu na mwingine, mimi nimeketi kwenye kiti cha buluu mguuni pa kitanda, na barakoa usoni, kama mpita njia.

Na hayakuishia hospitalini. Mwezi wa tano nilipata mafua. Mke wangu alimpigia simu Polepole, si mimi, wala si binti yetu. Jibu likaja kwamba baba alale chumba kingine wiki nzima, na taulo lake liwe peke yake. Nikahamia sebuleni na mto kwapani. Nyumba nimeijenga mwenyewe, na mtu asiyejua hata mlango wake uko upande gani ameniondoa chumbani kwangu kwa simu.

"Si yeye, ni mafua yako," alisema mke wangu kutoka ng'ambo ya mlango.

"Mafua yangu hayajawahi kukufukuza wewe."

"Lala, mzee. Unaongea kama mke mwenza."

Halafu lile daftari. Polepole alimpa daftari la kuandika joto lake kila asubuhi, na kila dalili. Mimi nilidhani nayajua yote ya mke wangu. Siku moja alipokuwa jikoni nililifungua, nikasoma kwa mwandiko wake, mwandiko niliomfundisha: *Usiku masikio yanauma. Mzee sijamwambia, atahangaika.* Tarehe ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Basi kulikuwa na mtu aliyeambiwa, na mtu ambaye hakuambiwa.

Siku ninayotaka kuisimulia, mke wangu alikuwa ametoka kuumwa kifua. Daktari, mama mmoja wa maneno machache, alimpima akaruhusu dawa. Polepole akaanza chini kuliko kawaida.

"Leo matone ishirini tu kwa muda mrefu, mama. Mwili uliotoka kuugua una hasira. Tukiingia kwa kishindo utatupokea kwa rungu."

"Kwa hiyo leo tutakuwa pamoja mpaka jioni," alisema mke wangu.

"Mpaka jioni. Umechoka na mimi?"

"Wewe? Aliyechoka yupo pale kwenye kiti. Mtazame macho tu, barakoa haijaficha kitu."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Haukupita muda, muuguzi wa chumba cha jirani akagonga kioo cha dirisha la koridoni, akasema kuna mgonjwa anahitaji watu wawili wa kumwinua. Polepole akasimama. Akalitazama tone, akaitazama saa yake, kisha akanitazama mimi.

"Mzee wangu, nakuachia. Robo saa haifiki. Ukiona anajikuna, anatetemeka au anasema kifua kinabana, bonyeza kengele hii. Gurudumu usiliguse. Nakuamini, wewe ni mtu wa saa."

Alisema hivyo kwa heshima. Mimi nikasikia anavyonigawia heshima kama mwenye nayo nyingi.

Mke wangu alikuwa amefumba macho. Nikahamia kwenye kiti cha Polepole, bado kina joto lake. Nikaitoa saa yangu mfukoni, saa isiyochelewa hata nukta, nikahesabu. Ishirini kamili. Nikapiga hesabu nyingine. Miezi yote iliyopita, dawa ilipokaribia kwisha, alikuwa anaifikisha matone sitini na mke wangu hakuhisi chochote. Kama sitini haimdhuru saa nane mchana, kwa nini imdhuru saa tatu asubuhi? Dawa ni ile ile, mshipa ni ule ule. Kwa sitini tungekuwa nyumbani mapema, chakula cha mchana tungekula mezani kwetu, na habari za mpaka jioni zingekwisha. Hesabu ilikuwa safi, ungeweza kuipigia mstari chini.

Nikalisukuma gurudumu kwa kidole gumba. Fundi saa ana mkono mwepesi. Nikahesabu: sitini kasoro moja.

Dakika ya kwanza, kimya. Ya tano, kimya. Nikaanza kujisifu moyoni. Ilipofika kama ya kumi mke wangu akaivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Baridi," alisema.

"Niongeze blanketi?"

 Kitanda kilianza kutoa mlio mdogo, chuma kikigonga chuma, nikaona ni yeye anayekitikisa kwa kutetemeka. Shingoni palikuwa na mabaka mekundu, yanapanda. Akafungua mdomo kuvuta hewa kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Mzee. Kifua."

Hapa nitasema kama ilivyokuwa. Mkono wangu ulikwenda kwanza kwenye gurudumu, ukalirudisha pale pale lilipokuwa. Ndipo ukaenda kwenye kengele.

Polepole hakuingia polepole. Aliufunga mrija, akainua kichwa cha kitanda, akamwekea hewa ya oksijeni puani, sindano ya mshipani akaiacha mahali pake. Daktari alifika nyuma yake, akaagiza dawa, ikachomwa. Mimi nilibanwa kwenye pembe karibu na sinki. Kiwiko changu kikafungua bomba bila kukusudia, maji yakamwagika muda wote huo na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuniambia nifunge.

Baada ya nusu saa mabaka yalififia. Kutetemeka kukaisha. Mke wangu alikuwa amechoka, lakini anapumua kama mtu.

Daktari akachukua faili. "Ilikuwa matone mangapi?"

"Ishirini," alisema Polepole.

"Una hakika?"

"Nilihesabu mara mbili." Akalitazama gurudumu, pale pale alipoliacha. Akaitazama saa yake ya plastiki. "Labda saa yangu. Labda nimekosea mimi, daktari. Sijui."

"Kama kwa ishirini mwili umefanya hivi, si suala la mwendo. Mwili umeikataa dawa yenyewe, ni mzio. Kumrudishia ni kumuua." Akafungua droo, akatoa utepe mwekundu, ule wanaomfunga mgonjwa mkononi ili kila mhudumu ajue dawa isiyomfaa.

"Na dawa nyingine ipo?" niliuliza.

"Ya namna hii, hapa kwetu ni hii tu, baba. Tutampa vidonge, na homa za mapafu tutazipokea zikija. Na wewe," alimgeukia Polepole, "utaniandikia maelezo. Chumba hiki atashika mwingine."

Nilichokuwa nimekitamani miezi yote kikaletwa mbele yangu kimeandaliwa. Polepole anaondoka. Dripu hakuna tena, wala mafuta ya viwiko, wala kicheko cha ishirini. Ningenyamaza tu. Mke wangu angekuwa wangu peke yangu, mwaka mmoja, labda miwili, mpaka kifua kimoja kitakachokuja na kukaa.

Nilimtazama. Alikuwa ananitazama.  Daktari akaushika mkono wake, akauzungusha ule utepe, akaanza kuutafutia tundu.

"Daktari," nilisema, "utepe huo usiufunge."

"Kwa nini?"

"Hayakuwa ishirini. Yalikuwa sitini kasoro moja. Mimi nimeligusa gurudumu. Nikalirudisha kabla sijapiga kengele."

Mkono wa daktari ukasimama pale pale. Polepole aliinama akakaa kwenye kile kiti cha buluu, cha kwangu.

"Dakika ngapi?" daktari aliuliza.

"Kumi na nusu. Nilikuwa naangalia saa."

"Ulikuwa unaangalia saa," alirudia. "Kwa sababu gani, baba? Kuna mtu alikutuma?"

Shule ya jioni haikunifundisha namna ya kulijibu swali hilo mbele ya mke wangu. "Nilikuwa na haraka ya kwenda naye nyumbani," nilisema. Halafu nikaona nusu ya ukweli haitoshi, nishazoea kuona saa iliyotengenezwa nusu. "Nilikuwa na kijiba cha roho. Juu ya huyu kijana. Hajanikosea."

Hakuna aliyecheka, na ningependa mtu angecheka. Daktari aliurudisha utepe kwenye droo. Alisema kama ni mwendo, basi dawa haijakataliwa, watasubiri wiki moja na kujaribu tena kwa matone kumi. Alisema pia kwamba mimi sitaingia tena chumba kile dripu ikiwa imetundikwa, nitakaa nje ya kioo. Akaliandika hilo kwenye faili, kwa kalamu nyekundu.

Nikamwendea Polepole. "Samahani, mwanangu." Sikuwa nimewahi kumwita hivyo.

"Mzee, ungenipotezea kazi," alisema. Akavua glovu moja, kisha ya pili. "Na mama ungempoteza kabisa. Leo siwezi kukuambia hakuna neno. Nipe siku." Nikamwona wa haki zaidi kuliko kama angenisamehe palepale.

Nyumbani mke wangu alikaa kitandani, akafungua daftari lake, akaandika muda mrefu. Kisha akanipa nisome. Lilikuwa jambo la mara ya kwanza. *Leo niliamka mzee alipogusa gurudumu. Nikanyamaza. Nilidhani anajua anachofanya.*

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

"Na daktari alipotoa utepe? Ulikuwa unajua maana yake."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mume wangu ameniongezea matone?" Alilichukua daftari lake. "Miaka yote hii sijakusema mbele za watu, nianze leo mbele ya yule kijana unayemwonea gere? Nilikuwa nakungoja wewe. Ungechelewa kidogo ningevaa utepe."

Nilikaa chini. Nikashika mguu wake uliokuwa karibu.

"Usinishike kama tumepatana," alisema. "Nimekasirika. Nitakuambia nikimaliza. Na mto wako uko sebuleni."

Nililala sebuleni siku sita, bila mafua.

Wiki iliyofuata nilisimama nje ya kioo, kiti cha buluu wamenitolea koridoni. Alikuwa amejipaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Polepole alinawa, akavaa glovu, akaupata mshipa kwa mara moja. Nikaona barakoa zao zinatikisika pamoja, nikajua wanahesabu. Wakacheka. Roho ikaniuma pale pale pa siku zote. Sitadanganya kwamba ilipona.

Kwa umbali ule, matone sikuyaona. Macho yangu ni ya vitu vya karibu. Nikaitoa saa yangu hivyo hivyo na kuishika mkononi, mtu asiye na la kuhesabu.

Ndipo mke wangu akaugeuza uso wake kwenye kioo. Mkono wake usio na sindano ulikuwa juu ya ukingo wa kitanda. Kidole kimoja kikainuka, kikagonga chuma. Kikapumzika. Kikagonga tena. Alikuwa analitazama tone, na kila linapodondoka ananigongea.

Nikahesabu dakika nzima. Kumi. Nikamwonyesha vidole vyangu vyote kupitia kioo, naye akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia Polepole, akamwambia kitu. Polepole aliinua macho kunitazama. Kisha akaibandua ile saa ya plastiki kifuani, akaja mpaka kwenye kioo na kuninyooshea mbele ya saa yangu, ili nione inachelewa kiasi gani.