Kila Mtu Aitike Mwenyewe

Nyumba yangu hapa Busia haijawahi kukosa watu, na Jumamosi ile ilijaa hadi wengine wakakalia magunia ya mahindi. Wazazi wa skauti walikuja kutoka pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda kupanga safari ya Agosti: siku nne kwa miguu kwenye Mlima Elgon, watoto kumi na saba, kila mmoja na begi lake mgongoni. Mimi ndiye mpishi wao. Nina kibanda cha chakula karibu na geti la mpakani, na habari za mji mzima hunifikia kabla maji ya chai hayajachemka.

Tulianza vizuri. Tuliazima mizani ya duka la nafaka, tukapima watoto, tukapima na mabegi, maana mtoto hatakiwi kubeba zaidi ya robo ya uzito wake. Tukaandika unga wa posho wa kusongea ugali, dagaa wa omena, koti la mvua, filimbi moja kwa kila shingo. Kisha Sydney, mchuuzi wa mitumba upande wa Kenya, akauliza lile ambalo wote walikuwa wamekuja nalo moyoni. Nani ataongoza?

Osinya alikuwa ameketi kwenye kona. Ni mwalimu kijana kutoka Iyolwa, upande wa Uganda, kiongozi wa skauti hawa mwaka wa tatu sasa. Hakuna aliyemtazama. Sydney alisema hana ubaya na mwalimu, ila mtu aliyesahau mtoto mlimani kwa sababu ya simu ya mchumba hapewi watoto wengine. Mable, mzazi mwenzake, akadakia kwamba afadhali niongoze mimi, Mama Felistus, watoto wananipenda, hata kama nikipanda kilima nakohoa kama bodaboda mbovu. Watu wakacheka. Nami nikacheka, halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu Alungat alikuwa ameketi mbele yangu.

Alungat ni mama yake Atim. Mwaka jana, siku ya pili ya safari, Atim alishuka kijitoni kujaza chupa, akateleza, akavunjika mguu. Alilala pale peke yake, kwenye baridi ile, mtoto wa miaka kumi na miwili. Askari wa hifadhi walimpata asubuhi. Mfupa uliunga vibaya na hadi leo anachechemea. Maneno yaliyoshuka mlimani yalisema Osinya alikuwa kwenye simu. Sikuyaanzisha mimi. Lakini yalipofika kibandani niliyapakua pamoja na chai, na nilijua kwamba kule juu hata mtandao haushiki.

Osinya akasimama. Akasema kama wazazi wameona hivyo, ramani na daftari la safari ni hivi hapa. Akaviweka mezani taratibu, katikati ya vikombe. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kunyamaza.

"Kaa, mwalimu," nikasema. "Hiyo makosa ni yangu."

Nikawaeleza. Mwaka jana tulitembea makundi mawili, la Uganda, lenye mwalimu na mimi, na la Kenya, na jioni kila kundi lilipiga mahema yake, bonde likiwa katikati. Osinya alihesabu watoto wetu akakosa mmoja. Akaniuliza Atim yuko wapi. Nilikuwa napuliza moto. Sikugeuza hata shingo. Nikamjibu kwamba yuko upande ule, na wenzake. Ndivyo tunavyosema hapa mjini kila siku: mtoto asipoonekana nyumbani, yuko upande ule kwa shangazi yake, atavuka akishashiba. Kule ng'ambo nao walidhani yuko kwetu.

"Nilipaswa kwenda kuangalia mwenyewe," Osinya akasema.

Alungat alikuwa ananitazama mimi.

"Mwaka mzima unaninywesha chai, Felistus."

"Ndiyo."

"Na unamsema huyu."

"Ndiyo."

Alisukuma kikombe chake mbali kidogo. Kisha akamgeukia Osinya, akamuuliza safari hii atahesabu vipi.

"Kwa majina," akasema. "Asubuhi, mchana, jioni. Kila mtu aitike mwenyewe. Hakuna kumjibia mwenzako."

Alungat akavuta fomu ya ruhusa ya wazazi, akaweka sahihi kwa ajili ya Aidah, mdogo wake Atim. Halafu akaninyooshea kalamu.

"Huyu haendi."

Nilipokea kalamu, nikalikata jina langu mwenyewe kwenye daftari la safari. Wazazi waliondoka bila kumaliza chai, na Mable, ambaye huwa habanduki mlangoni kwangu bila kuchimba habari zaidi, aliaga kwa kichwa tu.

Siku ya safari niliwapelekea omena barabarani, imekaangwa na kufungwa vizuri. Osinya aliipokea, akanishukuru, akafungua daftari. Nilisimama kando nikisikiliza majina. Sauti kumi na saba, moja moja. Ya Aidah ilikuwa kubwa kuliko zote.

Niliporudi kibandani, jirani yangu Caro alipita akiuliza kama nimemwona kitindamimba wake. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza, nikafunika sufuria, nikavuka mpaka kwenda kumtafuta.