Mbegu Zilizokauka Dirishani

Nawasimulia ndoto hii bila kuipamba. Anayepamba ndoto zake anataka apendwe, na mimi wiki hii sina haja ya kupendwa na mtu. Niliiota Ijumaa, saa nane mchana, kichwa kikiwa juu ya meza ya maabara, baada ya asubuhi ambayo nisingemtakia hata adui yangu: asubuhi ya kusifiwa. Mkuu wetu, Bwana Lukindo, alikuwa amenikabidhi mkataba mpya wa kazi mbele ya wenzangu wote, akanishika mkono, akasema, "Bi Nakijwa ni mtu wa kuaminika." Wakapiga makofi. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, kisha nikarudi katika chumba changu cha maabara, nikakaa nikitazama sinia lililokuwa dirishani.

Kazi yangu, kwa asiyeijua, ni kuosha matope. Wenzangu huchimba shimo refu ardhini na kuniletea udongo wa kila tabaka, nami nauchekecha kwa maji polepole mpaka zibaki mbegu na mabaki ya majani ya mimea iliyokufa maelfu ya miaka iliyopita. Ukikuta mbegu za yungiyungi, ujue hapo palikuwa na maji yaliyotuama. Ukikuta mafunjo, palikuwa na kinamasi. Mapema mwaka huu waliniletea udongo wa Bonde la Mkwasu, bonde kavu lenye vumbi tupu, ambako kaya mia mbili na arobaini zingehamishiwa kupisha barabara. Katika udongo ule nilikuta yungiyungi katika matabaka matatu, na katikati ya matabaka hayo vumbi. Maana yake hata mtoto angeielewa. Maji ya bonde lile huondoka kwa muda mrefu sana, halafu hurudi.

"Mbegu mbili tatu zisitucheleweshe, Bi Nakijwa," Bwana Lukindo aliniambia wakati ule kwa sauti yake ya kubembeleza. "Watu wanasubiri viwanja. Na mkataba wako nao, si unakaribia kwisha?" Hakuniambia nidanganye, maana ni mtu mwenye adabu zake. Nami sikudanganya. Mbegu za namna ile zimekaa kwenye unyevu tangu zilipozikwa, na jambo la kwanza tunalofundishwa ni kutoziacha zikauke, kwa sababu zikikauka hujikunja, hupasuka na kuwa unga. Basi nililiweka sinia la mbegu hizo dirishani penye jua, bila maji na bila kifuniko, nikaenda kunywa chai. Wiki iliyofuata niliandika kwamba hapakuonekana mabaki ya mimea ya majini, wala dalili kwamba bonde liliwahi kushika maji. Nikatia saini. Watu wakahama, na miongoni mwao alikuwamo mdogo wangu Kajiru, mkewe na watoto wao wanne.

Nililitazama sinia hadi macho yakawa mazito, na usingizi ukanichukua. Nikajiona nimesimama katika nchi ambayo mito yake ilikuwa mitaro ya udongo uliopasuka, na watu wake walitembea wakiwa wamefumba midomo kuzuia vumbi lisiingie. Mbele yangu alikuja mama mmoja mnene, miguu yake imejaa tope hadi magotini, tope bichi lililong'aa, ingawa katika nchi nzima hapakuwa na tone la maji. Kwapani alikuwa na chekeche kama langu, na nilipolitazama vizuri nikaona kwamba lilikuwa langu hasa, lenye waya nilioufunga mwenyewe pale ukingo ulipolegea.

"Naitwa Amana," akaniambia. "Watu huniwekea vitu mikononi, kisha wakasahau walikoniacha. Nifuate, mwanangu, na ukitembea usitazame unakokwenda. Tazama unachokanyaga."

Tulifika kwenye kibanda kilichokuwa na paa nusu. Mlangoni alikaa mzee mwenye shati lililofungwa vifungo vibaya na kiatu kimoja, akipiga miayo. Nilimtambua mara moja, nikajisikia nafuu, maana miezi yote ile nilikuwa nikijitetea kwa jina lake. "Huyu ni Uzembe," nikamwambia Amana kwa furaha. "Mimi ni mtu wake. Nilisahau tu kufunika sinia, mama. Ni uzembe wangu." Nikamwinamia yule mzee na kumwamkia kama mtu aliyefika kwao.

Uzembe akaniangalia kwa muda mrefu huku akijikuna. "Marahaba, lakini sikujui," akasema. "Watu wangu huacha vitu kwa kusahau, na wakikumbuka huja mbio wakilia. Wewe ulisogeza pazia ili jua liingie vizuri. Ulikwenda kuchungulia asubuhi, ukachungulia mchana. Mimi sijawahi kuwa na bidii hiyo hata siku moja! Usinipakazie, binti. Nina dhambi zangu za kutosha." Akanionyesha kwa kidevu nyumba ya jirani, nyumba safi kuliko zote, iliyopakwa chokaa. "Kwenu ni kule."

Kutoka nyumba ile alitokea bibi aliyevaa vizuri, kitenge kimepigwa pasi, sauti laini kabisa. Alinivika mtandio mabegani kwa mapenzi ya kweli, nami nakiri kwamba sijawahi kuvikwa kitu chenye joto zuri namna ile. Hakuhitaji kujitambulisha. Kila mara nilipotaka kusema neno maishani, shuleni, kazini, mbele ya baba yangu, mkono ule ule ulikuwa umenigusa bega. "Pumzika," akasema Woga. "Umefanya kama wenye busara wote wanavyofanya. Kajiru atapewa kiwanja cha juu, juu kabisa, karibu na mawe." Hayo ndiyo niliyokuwa nikijiambia kila usiku kabla ya kulala, neno kwa neno, na sasa nikayasikia yakitoka katika mdomo wake.

Amana hakugombana naye. Alinishika mkono tu, akaniteremsha ndani ya shimo lililochimbwa wima, na kadiri tulivyoshuka kuta zikabadilika rangi, kijivu, nyeusi, kijivu, nyeusi. Ndani ya tabaka jeusi walikaa wanawake watatu wenye midomo iliyopasuka. Wa kwanza alikuwa Mafunjo, mrefu na mwembamba, nywele zimesimama. Wa pili alikuwa Matete, aliyezoea kukaa pembeni. Wa tatu, aliyekaa chini kuliko wote, alikuwa Yungiyungi. "Hawa walizikwa wakiwa na ushahidi mdomoni," Amana akaniambia. "Wamengoja miaka elfu sita wapate mtu wa kuwasikiliza, na mtu huyo alisomeshwa, akapewa chekeche na meza. Waulize sasa."

Niliwauliza. Matete alisema ufuko wa ziwa ulikuwa pale aliposimama. Mafunjo alisema maji yalimfika kiunoni na hayakukauka hata kiangazi. Yungiyungi alifungua mdomo aseme kina cha maji yake, na badala ya sauti ukamwagika unga mweusi, mwingi, ukajaa mapajani mwake na kumwagikia miguuni mwangu. Alijaribu tena. Hakuwa na hasira nami, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa akijitahidi tu, kama mgonjwa anayejitahidi kumjibu mganga.

Ndipo nikasikia maji. Hayakuja kwa kishindo, yalipanda kutoka chini, yakapita vifundoni mwetu, yakajaza shimo na kutubeba juu hadi usawa wa bonde, na huko nikaona nyumba mpya za matofali na Kajiru amesimama mlangoni, mtoto mmoja begani, mwingine mkononi, akitafuta wale wawili. Yeye aliniona. Aliniita, "Dada! Wewe unapajua hapa, twende upande gani?" Nilitaka kumwonyesha. Nilifungua mdomo, na kutoka mdomoni mwangu ukamwagika unga mweusi. Bibi Woga akanivutia mtandio vizuri mabegani ili nisipate baridi.

Niliamka shingo ikiuma na mate yamenikauka. Jua lilikuwa bado kwenye sinia. Nilichovya brashi ndogo kwenye maji nikaigusisha kwenye zile mbegu, kama ninavyofanya siku zote nikitaka kuinua moja, na kilichonasa ni doa jeusi tu. Nikaelewa, nikajichukia. Miezi yote nilikuwa nikijiita mzembe kwa sababu mzembe husamehewa. Nikachukua simu.

"Dada!" Kajiru aliitikia kwa sauti ya mtu mwenye furaha. "Tunakusubiri uje upaone. Leo tumechimba shimo la choo. Udongo wa huku laini, halafu futi kumi chini ni mweusi tititi, una unyevunyevu. Watoto wameokota humo vimbegu vyeusi vinang'aa, wanachezea."

"Vitie kwenye kopo la maji," nikamwambia. "Sasa hivi, Kajiru, ufunike. Kisha msijenge. Maji yatarudi hapo."

Alicheka. "Maji gani, dada? Maji tunayafuata kwa baiskeli. Na si wewe uliyeandika kwamba hapa hapajawahi kushika maji? Tulisomewa mkutanoni. Wazee walikuwa wanasita, hawataki kuhama. Jina lako lilipotajwa nikasimama, nikawaambia, huyo ni dada yangu, tumezaliwa tumbo moja, hawezi kutuandikia uongo. Ndiyo maana tulikubali wote."

Bega langu la kushoto lilikuwa na joto.

"Basi simama tena," nikamwambia. "Itisha mkutano leo, uwaambie dada yako aliziona mbegu hizo hizo wanazochezea watoto, akaziacha zikauke. Usiwaambie alisahau. Waambie aliogopa."

Nyuma ya Kajiru nilisikia watoto wakigombania mbegu.