Mama Anayepepea Jiko

Alhamisi jioni Generosa alikuwa anachambua maharage kwenye ungo huku akisali rozari, kazi mbili alizozoea kuzifanya pamoja, na Mungu naye alikuwa ameshazoea. Kila alipofika kwenye Atukuzwe Baba alisimama kidogo kupuliza makapi. Mgongoni alikuwa na Zipora, mtoto wake mchanga, amelala. Ilikuwa Oktoba, mwezi wa rozari, na jioni hiyo ilikuwa zamu yake kumpokea Bikira Maria.

Katika Jumuiya ya Mtakatifu Monika, pembezoni mwa mji wa Geita, sanamu ya Bikira Maria huzunguka nyumba kwa nyumba mwezi wote huo. Hukaa siku chache kwa kila familia, majirani wakija jioni kusali, kisha hupelekwa kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata. Ni sanamu ya plasta yenye kimo cha mtoto wa chekechea, joho la buluu limechubuka begani, mikono imekunjuliwa mbele kama ya mtu anayesubiri kupewa mtoto ambebe. Anayemchukua ni Martina, mjane anayeongoza nyimbo. Humbeba mgongoni kwa kitenge, kwa sababu anasema kumtwika Mama kichwani kama ndoo ya maji ni kukosa adabu.

Nyumba ya Generosa ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha kulala na kingine cha mambo mengine yote: kupokea wageni, kupikia mvua ikinyesha, na kuchomea dhahabu. Bikira Maria aliwekwa pembeni juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, akaangaliana na jiko la mkaa.

Kuchoma dhahabu ilikuwa kazi ya Bartholomeo, mume wa Generosa. Wachimbaji wadogo hukamatisha chembe za dhahabu kwa zebaki mpaka wapate donge la kijivu. Donge likiwekwa kwenye moto, zebaki huondoka na moshi na dhahabu hubaki. Bartholomeo aliifanya kazi hiyo kila jioni kwa ajili ya Selestine, mnunuzi wa dhahabu, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa Jumuiya. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Selestine. Familia ilikaa humo bure kwa sababu ya jiko lile. Mlango ulifungwa na dirisha likazibwa kwa khanga, maana moshi ule ukionekana nje, mtaa mzima unajua kwamba ndani kuna mali. Generosa alikaa uani na mtoto mchanga, kwa kuwa anayenyonyesha hakutakiwa karibu na moshi ule. Aliyepepea jiko, baba yake akiwa ameshika koleo, alikuwa Dorah, binti yao wa darasa la nne, kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi.

Tangu mavuno ya mahindi mkono huo mwepesi ulikuwa unatetemeka. Generosa alidhani kwanza ni baridi, halafu minyoo, halafu woga wa mwalimu. Baadaye aliacha kudhani. Alijua ni ule moshi wa zebaki.

Dorah alikuwa apokee Komunyo ya Kwanza Jumapili ya Kristo Mfalme. Kwenye mazoezi ya kuingia kanisani na mishumaa, mshumaa wake ulizimika kila mara, na nta ikamdondokea mwenzake shingoni. Katekista Januari alimwita Generosa pembeni.

"Mama Dorah, nadhani asubiri mwaka kesho. Mpaka atulie."

"Mtoto ametulia, Katekista," alisema Generosa. "Ni mikono tu."

Alikuwa ameshakata gauni lake la ndoa ili amshonee. Alirudi nyumbani, akamwomba mumewe wachomee nje. Bartholomeo alimuuliza Selestine, na Selestine akasema nje kuna macho na upepo. Kulikuwa pia na chombo cha chuma chenye bomba, kinachonasa moshi wote wa zebaki usimfikie mtu. Selestine alipewa kwenye semina, na kilikaa dukani kwake juu ya kabati, bado kiko kwenye nailoni yake. Alisema kinachelewesha kazi.

"Tukitoka hapa tunakwenda wapi?" Bartholomeo alimuuliza mkewe. Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kweli kujua.

Siku ya pili ya ugeni wa Bikira Maria, donge lilipoanza kugeuka rangi juu ya moto, vidole vya sanamu vilianza kugongana. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa vikombe kwenye sinia linalobebwa na mtu mwenye haraka. Bartholomeo aligeuka akatazama.

"Anatetemeka," alisema.

"Kama mimi," alisema Dorah, akanyoosha mkono wake karibu na ule wa plasta ili kulinganisha. Mikono yote miwili ilikwenda mwendo mmoja. Dorah alifurahi, kwa sababu shuleni alikuwa peke yake.

Jumamosi Jumuiya ilikusanyika kusali matendo ya furaha. Vidole viligongana rozari nzima. Watu walisubiri amina ya mwisho, ndipo wakasogea kuangalia. Hakuna aliyeuliza sababu, kwa kuwa kila mtu mtaani pale alikuwa na ndugu au jirani anayemwaga chai kabla haijafika mdomoni. Martina alipiga magoti, akaishika ile mikono katika mikono yake.

"Pole, mayu," alisema, kama anavyoambiwa mama yeyote wa Kisukuma.

Selestine alivua kofia. Alikuwa mtu mkarimu. Mabati ya kanisa la kigango yalitoka mfukoni mwake, na mgonjwa akizidiwa gari lake ndilo lililompeleka hospitali.

"Ndugu zangu," alisema, "mazingira haya hayamfai Mama. Moshi unamdhuru. Napendekeza aende kwangu. Kule madirisha ni makubwa, hewa inapita."

Watu walikubali. Martina alianza kukunjua kitenge.

"Na Dorah?" aliuliza Generosa.

Selestine alimtazama mtoto kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli.

"Dorah tutamwombea," alisema.

Bikira Maria alipelekwa kwa wimbo. Kwa Selestine aliwekwa sebuleni kwenye kabati la vioo, na kufikia mchana wa Jumapili mikono ilikuwa imetulia kabisa. Jioni alishuka kabatini, akatoka kwa mlango wa jikoni, akasimama kando ya barabara. Mwita, kijana wa bodaboda, alimwona, akamvalisha helmeti iliyomfunika mpaka kidevuni, akampakia mbele kama anavyopakiwa mtoto. Alimuuliza anakwenda wapi, lakini tayari alikuwa ameshakata kona ya kwenda kwa Generosa.

"Mama Dorah, mgeni wako amerudi," alisema Mwita mlangoni. "Nauli nimemsamehe."

Bikira Maria aliingia. Bartholomeo alikuwa ameshalaza donge juu ya moto.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Bartholomeo.

Bikira Maria alikwenda moja kwa moja kwa Dorah, akamnyang'anya pepeo taratibu, akamsukuma kwa bega kuelekea mlangoni. Kisha akachuchumaa mbele ya jiko na kuanza kupepea. Alipepea vizuri, kwa mkono wa mtu aliyewahi kuwa na nyumba na jiko na mume mwenye kazi ya mikono. Dorah alikwenda kukaa uani na mama yake. Hakuwa amewahi kuwa nje saa hizo, akauliza ile nyota ya kwanza inaitwaje.

Ikawa hivyo kila jioni. Asubuhi Martina alimrudisha mgongoni, jioni Mwita akamleta. Oktoba ilipoisha sanamu ilirudishwa kigangoni, nayo ikaendelea kuja kutoka kule. Padri alipoelezwa alisema Kanisa haliendi haraka katika mambo kama haya. Kisha aliagiza mlango wa pembeni usifungwe mapema, ili asipate shida ya kutoka.

Mikono ya Dorah ilianza kurudi. Kwanza aliweza kushika kikombe, halafu kalamu. Siku moja alimsuka mama yake mistari ya nywele iliyonyooka, na Generosa akalia kimya, akiwa amempa mtoto mgongo ili asione. Alikuwa na furaha yenye kuuma. Maana kila siku Dorah alipotulia zaidi, Bikira Maria alitetemeka zaidi, na vidole vya plasta vikaanza kukatika. Kila kilichoanguka Generosa alikiokota majivuni, akakifuta kwa upindo wa khanga, akakiweka kwenye kopo la majani ya chai. Usiku alipowapaka watoto maji ya baraka kwenye paji la uso, alipaka na lile kopo.

"Huu nao si wizi?" alimuuliza Martina. "Nimemtoa mwanangu kwenye moto nimemweka wa mwenzangu."

Martina alifikiri. "Yeye aliingia mwenyewe," alisema. Halikuwa jibu la kutosha, na wote wawili walilijua hilo.

Jumapili ya Kristo Mfalme kanisa lilijaa. Dorah aliingia katika gauni jeupe lililobaki na harufu kidogo ya sanduku, mshumaa mkononi. Katekista Januari alitembea karibu yake na kibiriti, endapo utazimika. Hakukihitaji. Mwali ulisimama wima mpaka altareni, na Dorah akapokea mikono imetulia, mmoja juu ya mwingine. Generosa hakuona vizuri, macho yalikuwa yamejaa. Sanamu ilikuwa imewekwa karibu na kwaya. Ilikuwa imebakiwa na kidole kimoja, na rozari iliyotundikwa juu yake ililia misa nzima. Waliokaa karibu waliinua sauti kidogo kwenye nyimbo.

Kwenye matangazo Selestine alisimama. Alisema imemuuma sana kuona Mama amefikia hali ile, na kwamba ameshaagiza sanamu mpya kwa gharama zake.

"Ni ya faiba," alisema. "Muuzaji amenihakikishia haitetemeki."

Kanisa lilipiga makofi na vigelegele. Generosa alimsubiri nje, kwenye kivuli cha ukuta, Zipora mgongoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwenyekiti."

"Milele amina. Hongera sana, Mama Dorah. Mtoto amependeza."

"Asante. Mwenyekiti, nilikuwa na ombi. Badala ya hiyo sanamu, tupe kile chombo cha dukani. Kile cha bomba."

Selestine alicheka kidogo, bila ubaya. "Kile? Kile nawaonyesha wakaguzi wakija. Na leo ni sikukuu, Mama Dorah. Mambo ya kazi tusiyaingize."

"Ni mambo ya watoto."

"Basi tutaongea," alisema. Alimbariki Zipora kwa alama ya msalaba, akaitwa kwenye picha ya pamoja.

Jioni Selestine alikuja nyumbani kwao na kipande cha keki cha Dorah kwenye karatasi ya kung'aa, na donge la kijivu kwenye kitambaa. Dorah alimwamkia, akaitikia marahaba. Hakukaa, alikuwa na wageni kwake. Bartholomeo aliwasha jiko bila kumtazama mkewe, akaziba dirisha kwa khanga. Alikuwa bado amevaa shati la misa.

Mwita alimleta Bikira Maria kama kawaida. Alimvua helmeti, akapiga ishara ya msalaba, akaondoka. Bikira Maria alichuchumaa mbele ya jiko, akalishika pepeo kwa kidole kilichobaki na kile kisiki cha kiganja. Alipepea mara chache. Kisha kidole kikakatika, kikaangukia mkaani, na pepeo likaanguka sakafuni. Alijaribu kuliokota kwa viganja vitupu, likateleza. Akajaribu tena.

Dorah alikuwa mlangoni katika gauni jeupe, ana keki mdomoni. Aliona moto unafifia na baba yake amesimama na koleo. Akaingia na kuinama kuliokota pepeo, kama mtoto yeyote anayejua kazi ya kwao.

Generosa alimwahi. Alimshika kifundo cha mkono, akalitoa pepeo vidoleni mwake, akafungua mbeleko.

"Mpokee mdogo wako," alisema. "Nendeni uani, mbali na mlango."

"Lakini Mama, wewe si unamnyonyesha? Baba alisema..."

"Mpokee. Umemshika vizuri?"

"Nimemshika."

Alikuwa amemshika vizuri kweli. Mikono haikucheza hata kidogo, na Zipora hakuamka. Generosa aliwatazama wakitoka, halafu akafunga mlango nyuma yao.

Bikira Maria alikuwa bado anahangaika kujiweka sawa mbele ya jiko. Generosa alivuta kigoda, akamkalisha juu yake, akamtengenezea joho begani.

"Wabeja, mayu," alimshukuru. "Sasa kaa tu. Mikono ninayo mimi."

Bartholomeo aliinamisha kichwa, akaweka donge juu ya moto. Uani Dorah alianzisha rozari, na walioko ndani wakaitikia kupitia mlango. Moshi mweupe ulipanda ukakaa chini ya mabati ya nyumba ya Selestine, na kijivu kikaanza kugeuka njano. Generosa alipepea, polepole na sawasawa, kwa mkono ambao ulikuwa bado haujaanza kutetemeka.