Mtu Akiwa Kwenye Msumeno

Karakana ya seremala yule ilikuwa na kanuni moja tu isiyo na mjadala: mtu akiwa kwenye msumeno wa umeme, haitwi. Hata nyumba ikiungua, haitwi. Unazunguka, unakuja mbele yake, unasimama pale atakapokuona, unasubiri mpaka azime mashine mwenyewe. Wateja wenye haraka zao walisubiri. Mchungaji naye alisubiri, Biblia kwapani. Binti wa seremala, kitinda mimba wake, aliijua kanuni hiyo kabla hajajua kusoma.

Ndiyo maana siku ile hakuwa na pa kujitetea. Baba alikuwa amemkatalia kwenda kwenye sherehe ya rafiki yake, na yeye, mwenye miaka kumi na sita na hasira za kutosha watu watatu, akatumwa na mama apeleke chai karakana. Alisimama mlangoni, nyuma ya baba yake. Msumeno ulikuwa unanguruma. Angeweza kuzunguka, ni hatua chache tu. Badala yake alivuta pumzi akapiga kelele, "Baba!" kwa sauti ya kumshtua kabisa, maana alitaka ashtuke. Akashtuka.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaenda. Hospitalini seremala alimwambia kila aliyeuliza kwamba mbao ilikuwa na fundo, ikaruka. Mama akaamini, daktari akaamini, na binti akashusha pumzi: kumbe kelele za mashine zilimeza sauti yake. Nafuu hiyo ilidumu mpaka waliporudi nyumbani, akamwona baba analitazama gitaa lililoning'inia ukutani.

Seremala ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa kwaya. Tusimpambe, hakuwa hodari kihivyo. Mama alizoea kumtania kuwa kila wimbo anaupiga kwa mwendo wa mtu anayepiga randa. Lakini alilipenda. Siku moja alilishusha, akalifuta vumbi polepole, akalipeleka kanisani wapewe vijana. Aliporudi aliingia chumbani moja kwa moja, mchana kweupe, akajilaza. Binti alimsikia kupitia ukuta. Baba yake alikuwa analia, na alilia vibaya, kama mtu asiyezoea.

Tangu hapo binti hakushiriki tena Meza ya Bwana. Wenzake wakiinuka kwenda mbele, yeye aliinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Alikuwa amekwisha kuungama kwa Mungu, tena mara nyingi, sala ileile mpaka ikachuja. Mwalimu wa vijana alifundisha kwamba damu ya Yesu husafisha dhambi zote. Yeye akawaza moyoni, ndiyo, za watu wengine. Nyumbani akawa anafagia palipofagiliwa na kuosha vyombo visivyo na uchafu, hadi mama akamuuliza kama kuna wakwe wanakuja kuwakagua. Akacheka, kisha akaenda bafuni kulia.

Baba naye akaanzisha tabia mpya. Kila jioni, binti akiwa jikoni anasugua masufuria, seremala alikuja na kigoda chake, akakaa mkabala naye, karibu na mlango. Hasemi kitu. Anakaa tu, mkono wa kushoto juu ya goti, makovu yote yanaonekana. Masufuria yakiisha, anabeba kigoda chake anaondoka. Binti aliona hiyo ni adhabu ya Mungu, ingawa baba hajui lolote. Alitamani hata achapwe, yaishe.

Jioni moja sufuria likamponyoka, likaanguka sakafuni kwa kishindo. Baba akashtuka, na mkono ule ukakimbilia kujificha kwapani. Binti akaona. Hakuweza tena.

"Baba, halikuwa fundo."

Seremala aliinua macho.

"Ni mimi. Nilikuita nikiwa nyuma yako. Na kanuni naijua, baba, naijua vizuri kabisa. Nilikuwa na hasira na wewe, nikataka ushtuke." Kamasi na machozi vilishachanganyika. "Nisamehe. Najua havitarudi."

"Havitarudi," alisema baba, na sauti yake ikakwaruza. "Na gitaa nalikosa, sikufichi. Kila Jumapili nalikosa."

Binti akajifunika uso kwa mikono yenye povu.

"Lakini nilikusikia, mwanangu. Sauti yako naijua hata kukiwa na misumeno kumi. Nikakusamehe kulekule hospitali, kabla hawajamaliza kunifunga bandeji. Haikuwa rahisi. Nilimng'ang'ania Yesu, maana na mimi amenisamehe mengi ambayo wewe huyajui."

"Ulijua?" Sasa alikuwa kama amekasirika. "Miezi yote hii ulijua, ukaniacha hivihivi? Mbona hukuniambia?"

"Labda nilikosea." Baba alitazama chini. "Nilikuona unavyohangaika. Nikaogopa nikikuita kwa nyuma utashtuka, uumie zaidi. Nikaona nije mbele yako, mahali unaponiona. Nikawa nasubiri uzime mashine."

Binti alikitazama kigoda, pale mkabala, palepale kilipowekwa kila jioni. Maji yalikuwa bado yanamwagika nyuma yake. Alinyoosha mkono akafunga bomba, akaenda akaketi sakafuni miguuni pa baba yake, akaushika ule mkono wa kushoto ambao hakuwahi kuugusa tangu siku ile. Wakalia wote wawili.