Barua ya Sita

Bríd Geraghty alikuwa akipaka siagi kwenye mkate barua ya kwanza ilipodondoka kutoka kwenye tundu la mlango wa mbele. Shule ya sekondari aliyomwombea binti yake ilisikitika: darasa la watoto wenye usonji lina nafasi sita, waombaji ni arobaini na mmoja. Alipoinua macho, mlango wa stoo ulikuwa umegeuka ukuta. Akapiga simu ofisini.

"Itunze hiyo barua," akasema Bwana Tuohy, ofisa wa nafasi za shule. "Ukifikisha sita za kukataliwa, nafungua faili. Chini ya hapo mikono yangu imefungwa."

Nyumba yao pale Longford ilikuwa na milango sita. Bríd akaendelea kuomba, maana Septemba ilikuwa inakuja na binti yake Muireann alikwishamaliza shule ya msingi.

Barua ya pili ilichukua chumba cha Bríd, pamoja na dirisha. Ya tatu ilichukua bafu, wakawa wanaoga kwa jirani yao Packie.

"Mkiendelea hivi mtatokea kwenye bomba la moshi," Packie akawatania, akawapa taulo.

Ya nne ilichukua mlango wa nyuma. Ya tano ilichukua chumba cha Muireann, na vizibo vya masikio alivyovaa kuzuia kelele vikabaki humo. Tangu siku hiyo alilala sebuleni, mkoba mgongoni, unyayo ukigusa mlango wa mbele.

"Mama, ya sita ikija tutakuwa nje au ndani?"

"Tutakuwa pamoja."

"Sijauliza hivyo."

Bwana Tuohy alikuja kukagua. Alikunywa chai, akagonga kuta, akaandika. "Mlango mmoja bado upo. Dharura ni pale usipobaki hata mmoja." Akatoka, akaufunga taratibu.

Ijumaa tarishi alisimama nje muda mrefu.

"Rudi nayo, tafadhali," Bríd akasema kutoka ndani.

"Samahani, dada. Kazi ni kazi."

Muireann akaziba masikio. Mlango ukawa ukuta, na dirisha la sebuleni nalo. Tundu la barua likabaki.

Jumatatu tundu likapitisha barua nyingine. Faili limefunguliwa. Muireann ni wa kumi na tisa kwenye orodha. Mzazi na mtoto wafike ofisini wenyewe, Alhamisi saa nne, wasiofika wataondolewa kwenye orodha.

Bríd akaikunja, akaiweka na zile sita. Muireann akavaa sweta, akafunga kamba za viatu, akakaa mbele ya tundu kusubiri Alhamisi.