Nyama ya Mahafali

Asubuhi ya mahafali Dafroza alikuwa bandani, amechuchumaa kwenye majani makavu, anakamua maziwa na kuyamwaga. Yalitoka mazito, yana mabongemabonge kama uji uliolala, na titi moja la nyuma lilikuwa bado la moto. Aliyamwaga kwenye shimo alilochimba mwenyewe pembeni, akafukia kwa jembe mbwa wasije wakalamba.

Chuo kizima cha kilimo na mifugo kilikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu. Wanafunzi walimwita Madamu, kwa sababu kila aliyepita pale alifundishwa na yeye kupima joto, kuchoma sindano, kupima mimba. Wiki hiyo kiwele kilimvimba, na Dafroza, aliyekuwa zamu, akamchoma antibayotiki. Sindano ya mwisho ilikuwa ya juzi.

Alikuwa ananawa mikono alipomwona mkuu wa chuo, Mwalimu Magesa, anakuja amevaa suti yake ya kahawia. Nyuma yake alifuata Ngolo, mchinjaji kutoka Bunda mjini, ameshika kamba.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Mfungue huyo, Dafroza."

"Anaenda wapi?"

"Mbuzi tulioahidiwa hawajaja. Tangu jana mwenyewe hapokei simu. Wageni wamejaa, mgeni rasmi yuko njiani kutoka Musoma, na bei ya nyama mjini haishikiki. Tutawalisha kabichi?"

Dafroza alisimama mbele ya mlango wa banda. "Mkuu, huyu ana dawa mwilini. Nyama yake hailiwi mpaka muda wa dawa uishe. Si ulitufundisha mwenyewe?"

"Niliwafundisha ya mtihani." Magesa hakuwa amekasirika. Alionekana amechoka, kama mtu aliyekesha. "Watu huku wanachomaga sindano asubuhi, jioni wanachinja. Umesikia nani kafa?"

"Hawafi leo. Lakini watu wakila dawa kidogokidogo hivi, siku mtoto anaumwa kweli sindano haimsaidii. Na kama kuna mwenye mzio wa dawa, je?"

"Mimi sichinji bila wa kugonga muhuri," Ngolo aliingilia. "Niliwahi kulala ndani kwa mambo haya haya."

Magesa aliingiza mkono mfukoni, akatoa muhuri wa ukaguzi. Afisa mifugo wa kata alikuwa likizo, na muhuri ulikuwa umeazimwa. Alimvuta Dafroza pembeni.

"Nisikilize, binti yangu. Halmashauri wanataka kijana mmoja wa kujitolea, na posho ipo. Mgeni rasmi ameniomba jina, nimempa lako. Wewe ndiye wa kwanza kwa vitendo. Mimi mkuu siwezi kuonekana naugonga huo muhuri; gonga wewe, tumalize shughuli."

Dafroza aliutazama muhuri. Waliomaliza kabla yake aliwajua: mmoja alikuwa bodaboda pale Bunda, mwingine anauza vocha Mwigobero, Musoma, na yule aliyewapita wote darasani alikuwa amerudi kwao kuchunga. Mama yake alianika dagaa ufukweni Murangi miaka yote miwili ili yeye akae pale.

"Siwezi, mkuu."

Magesa alitikisa kichwa taratibu. "Basi niitie Ryoba."

Ryoba alikuwa rafiki yake wa tangu siku ya kwanza chuoni. Alikuja joho likiwa begani, akasikiliza, akamtazama Dafroza, halafu akatazama chini.

"Mimi nina mtoto, Dafroza," alisema, akaupokea muhuri.

Madamu alitoka bandani bila kuvutwa. Alizoea kutolewa na watu.

Mgeni rasmi alifika jua likiwa utosini. Wazazi walikuwa wamesubiri chini ya turubai mpaka watoto wengine walilala mapajani. Wahitimu waliingia wakicheza kwaito, majoho ya kukodi yanaburuza vumbi, vigelegele vikapigwa, na Dafroza alimwona mama yake, Yunis, amesimama juu ya kiti anapunga kitenge. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri.

"Msisubiri ajira za serikali," mgeni rasmi alisema. "Ardhi ipo, ziwa lipo. Jiajirini!"

Watu walipiga makofi. Kisha Magesa alishika kipaza sauti, akamtangaza mhitimu aliyechaguliwa kwenda halmashauri. Ryoba alisimama. Dafroza alipiga makofi pamoja na wenzake, mikono ikaendelea kupiga hata wengine walipoacha.

Chakula kilipogawiwa alimtafuta mama yake. Alimkuta ukingoni mwa turubai, sahani ya wali mapajani, anafunga vipande vya nyama kwenye mfuko wa nailoni.

"Vya wadogo zako," Yunis alisema, uso umechangamka. "Wewe hukupewa?"

"Mama, umekula?"

"Bado. Nilitaka nifunge kwanza."

"Usile. Wala usiwapelekee."

Dafroza aliinama, akamweleza yote: sindano, muhuri, jina lake lililofutwa. Yunis alisikiliza mkono ukiwa juu ya mfuko. Huko mbele, meza kuu walikuwa wanakula, Ryoba kati yao.

"Nani mwingine kasema nyama ni mbaya?"

"Hakuna mwingine, mama. Ni mimi. Nilimchoma mwenyewe."

Yunis akainuka, akaenda na mfuko nyuma ya vyoo, akaukung'utia shimoni. Aliporudi alifuta vidole kwenye kitenge, polepole, kimoja kimoja.

"Basi," alisema. "Ila na hawa wenzangu? Wao hawana wa kuwaambia."

Dafroza aliwatazama wamama waliokaa kwenye mikeka, wanawakatia watoto nyama kwa meno. Alianza na mkeka wa karibu. Mama wa kwanza alicheka, akamuuliza kama joho limempanda kichwani. Wa pili alimkazia macho, halafu akaivuta sahani ya mtoto wake. Mtoto akaanza kulia. Watu wakageuka. Kwenye meza kuu Magesa alisimama, akamwonyesha mpiga muziki ishara, na spika zikafunguliwa mpaka turubai likawa linatetemeka.

Sauti yake haikusikika tena. Dafroza akapiga magoti, akaanza kusema sikioni, mkeka kwa mkeka, huku akimwona Magesa anakuja anapenya katikati ya viti.

Alimfikia bibi mmoja aliyekaa peke yake, viatu amevivua, mjukuu wake ni mhitimu wa kilimo. Bibi aliacha kutafuna. Alimsikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa.

"Nimekusikia, mjukuu wangu. Nimekuelewa kabisa," alisema karibu na sikio lake. "Ila mimi nyama mara ya mwisho nilikulaga Krismasi."

Akamshika Dafroza mkono, akaubana kidogo kama anayempa pole, halafu akarudisha vidole kwenye sahani.