Mlio wa Rodi

Rodi ya usukani ilikuwa ikining'inia kwenye waya katikati ya gereji, bado ikijizungusha polepole baada ya kugongwa. Mzee Stelingi alikuwa ameshika spana namba kumi na tisa, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuwa akiitazama rodi. Alikuwa akinitazama mimi, mdomoni.

"Inalia?" akaniuliza.

Imepita miaka kumi na moja. Mpaka leo nikipita mahali panapogongwa chuma, shingo inaniwaka moto, na kama nina mtu pembeni naanza kuzungumzia mambo ya hali ya hewa.

Inabidi nieleze utaratibu wa gereji ile, maana bila utaratibu huo nisingekuwa na cha kuonea aibu. Mzee Stelingi alikuwa fundi wa usukani na si wa kitu kingine. Ukimpelekea breki, anakuelekeza kwa jirani. Na kila chuma cha usukani, kiwe kipya cha dukani au kuukuu, kabla hakijafungwa kwenye gari kilitundikwa kwenye waya uliotoka kwenye boriti, kikagongwa kwa spana ile ile. Chuma kizima hutoa mlio mrefu, safi, unaochelewa kufa. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, husema "du" kama mlango wa mbao, basi. Kilichosema du hakifungwi. Wenye magari walimbembeleza, wengine walimtukana, na mmoja alimpigia magoti. Rodi zao ziliishia kwenye pipa.

Tatizo ni kwamba miaka arobaini ya kugonga chuma ilikuwa imemla masikio. Nilipofungua kibanda changu cha kutengeneza redio ukuta kwa ukuta na gereji yake, alikuwa bado anasikia honi za malori. Baada ya miaka miwili hata hizo hakuzisikia. Akajifunza kusoma midomo, tena akawa hodari kiasi cha kukera watu: ukimsengenya ukiwa ng'ambo ya barabara, anakujibu. Ikabidi mtaa mzima ujifunze kujiziba mdomo kwa kiganja kila walipotaka kumtania.

Lakini rodi haina midomo. Kwa hiyo akanichukua mimi. "Huyu anaisikia redio inaumwa kabla yenyewe haijajijua," alikuwa akiwaambia wateja, na kuanzia hapo nikaitwa Sikio. Akigonga, mimi naweka bisibisi chini, nachungulia mlangoni, nasema inalia au hailii. Hakuwahi kuniuliza mara mbili. Nami nilijivunia jina lile, nisiseme uongo. Nilikuwa napita mtaani kifua mbele kama niliyetunukiwa cheo.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba, gari kuukuu la kupandia milima, refu kwenda juu, lenye milango iliyofungwa kwa kupigwa bega. Tuliliita Kiburi kwa sababu halikukubali kukata kona bila kubembelezwa. Usukani wake ulikuwa wa nguvu za mikono mitupu. Baba alipofariki lilibaki kwa dada yangu, daktari wa mifugo, ambaye alilitumia kuwafikia wafugaji huko ambako barabara zimekata tamaa. Dada alikuwa na mabega ya kulitosha. Kisha siku moja ng'ombe mwenye uchungu wa kuzaa akampiga teke la bega la kulia, bega likavunjika, likapona nusu. Baada ya hapo kila kona aliikata huku akiuma meno. Mara moja alikwama katikati ya njia ya mashamba, akashindwa kugeuza, akakaa mle ndani akilia kwa hasira mpaka wafugaji walipokuja kumgeuzia gari.

Ofisi yake ikampa mpaka mwisho wa mwezi. Aweze kwenda mashambani, au apangiwe kazi nyingine.

"Niachie mimi, dada," nikamwambia. "Nitakutafutia usukani wa pawa. Utaugeuza kwa kidole."

"Wewe ni fundi redio, mdogo wangu."

"Na Mzee Stelingi ni fundi usukani. Mimi natafuta, yeye anafunga."

Vilihitajika boksi la usukani kutoka gari la aina nyingine, pampu, mipira ya kupitishia mafuta, na rodi moja ndefu ya kuunganisha boksi hilo na magurudumu, maana ile ya Kiburi isingefika. Vipya vilikuwa na bei ya kumfanya mtu aulize kama gari linakuja navyo. Nikaingia kwenye yadi za vyuma chakavu. Wiki tatu nilitambaa chini ya mizoga ya magari, shati limelowa mafuta, nikiwa na kipande cha uzi chenye fundo la kupimia urefu. Boksi nililipata kwenye basi dogo lililoungua viti. Pampu niliikuta imewekwa sakafuni kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Mwenye stoo alishangaa kwamba ina kazi nyingine. Kila jioni nilimpitia dada kumwonyesha nilichopata, na kila jioni majigambo yangu yaliongezeka kidogo.

Rodi ndiyo iliyogoma. Zilizokuwepo zilikuwa fupi, au zimepinda, au mwenyewe anataka bei ya mpya. Mwisho nikafika kwa Mama Chuma, mwanamke mwenye mizani kubwa na yadi kubwa kuliko zote, ambaye hana habari na mtu anayejikosha. Akaingia ndani ya lundo, akatoka nayo begani. Nikaipima kwa uzi wangu. Ilifika barabara.

"Sikufichi," akasema. "Gari lake lilibingirika mara tatu. Kampe Mzee aisikilize kwanza. Ikikataa, nirudishie."

Akaniachia kwa bei ya kutupa. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshampigia dada simu kumwambia tumemaliza, na aje Ijumaa kuchukua gari lake.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, boksi na pampu vikiwa vimeshafungwa, rodi ilikuwa kwenye waya, Mzee alikuwa ameigonga, na mimi nilikuwa nimesikia. Sikusikia vibaya. Hakukuwa na lori lililopita wala redio iliyokuwa imewashwa. Ilisema du. Ilisema du wazi kabisa, kama mtu aliyegonga meza.

Dada alikuwa amesimama kwenye geti la gereji, mkono mzima umebeba mkoba wa dawa, kwa sababu wafugaji walikuwa wanamsubiri siku hiyo hiyo. Jumatatu ndiyo ilikuwa mwisho wa mwezi. Alikuwa amesuka nywele upya. Akaniona namtazama, akanyoosha kidole kimoja hewani na kukizungusha, kama anayegeuza usukani, akacheka. Hicho kidole ndicho kilichonimaliza. Ningesema hailii, ningelazimika kwenda pale getini kukishusha.

"Inalia," nikasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaitungua rodi kwa mikono miwili, taratibu, akaenda kuilaza chini ya Kiburi na kuanza kuifunga. Mimi nikarudi kibandani, nikashika bisibisi, nikakaa nayo bila kufungua kitu. Nilijiambia huenda ufa ni mdogo. Nilijiambia gari linakwenda polepole kwenye njia za mashamba. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno, na mimi nilikuwa nayo ya kugawa.

Kulikuwa na utaratibu mwingine, ambao katika kujidanganya kwangu niliusahau. Usukani alioufunga Mzee Stelingi aliuendesha yeye kwanza. Dada alipotaka kupanda kiti cha pembeni, akamzuia. "Safari ya kwanza ni yangu peke yangu, binti yangu. Ya pili ni yako mpaka uchoke."

Akatoka nalo getini akigeuza kwa kidole kimoja, amekiinua ili dada akione. Akateremka ule mteremko mdogo wa kuelekea kinu cha unga. Kwenye kona, magurudumu yakaacha kumsikiliza. Niliisikia rodi ikikatika kabla sijaona. Kwa hilo nilistahili jina langu.

Ukuta wa kinu ndio uliolisimamisha gari. Hakuna mpita njia aliyeumia. Mzee alivunjika nyonga. Dada ndiye aliyefika wa kwanza, akamfunga mbao kwa kanga ya mtu kama alivyozoea kuwafunga ndama, huku bega lake likimuuma mpaka jasho linamtoka. Na yule mzee, amelala mavumbini, uso umempauka, akamwambia, "Nisamehe. Mikono yangu imezeeka." Kisha akaanza kunitafuta kwa macho katikati ya watu. Nilikuwa nyuma yao. Nikajiona nimejiziba mdomo kwa kiganja.

Jioni ile dada aliniuliza, "Aliigonga kwanza?"

"Aliigonga."

"Na ikalia?"

"Yeye ndiye fundi, dada," nikasema.

Nimewahi kusema uongo mwingi, wa wateja na wa wadai, lakini sijawahi kusema neno chafu kama lile, na lilikuwa la kweli kila silabi.

Mtaa ulimaliza kazi iliyobaki. "Fundi usukani kiziwi! Si afadhali kinyozi kipofu?" Safari hii hawakuziba midomo. Wateja wakahama mmoja mmoja. Mzee alipotoka hospitali na mkongojo, alifungua gereji wiki mbili, akakaa kwenye kiti mbele ya waya mtupu, kisha akafunga. Waliomuuliza aliwajibu kwamba labda aligonga rodi mahali pabaya. Hakuna aliyemsikia akisema kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyesimama pale na kujibu. Dada alipelekwa machinjioni kupiga mihuri ya nyama. "Siku hizi nawaona wakiwa wameshapona maradhi yote," aliniambia mara moja, nami nikacheka kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Mimi nilihamisha kibanda, mtaa wa tatu, nikasema kodi imepanda.

Miaka minne ikapita hivyo. Kisha asubuhi moja Mama Chuma akaja na redio yake ya mkononi. Aliiweka mezani lakini hakuiachia.

"Mzee Stelingi ameniita," akasema. "Kesho naenda kupima vyuma vyake. Vyote, hata spana. Anafunga kabisa." Akanitazama kama anavyotazama shaba iliyochanganywa na bati. "Ile rodi ya kubingirika. Ndiyo iliyokatika?"

Nikainama kutafuta bisibisi.

"Nilikwambia akaisikilize."

"Aliigonga," nikasema.

"Sikuulizi kama aliigonga."

Redio yake haikuwa na ugonjwa wowote. Betri tu.

Kesho yake niliwahi kutoka, nikidhani nitamtangulia. Nilijikaza kisabuni njia nzima mpaka getini. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, mkongojo kando, spana namba kumi na tisa mapajani. Alikuwa amekonda. Nyuma yake vyuma vilikuwa vimetolewa na kupangwa sakafuni, na Mama Chuma, ambaye kumbe alikuwa ameshafika kabla yangu, alikuwa akivipakia kwenye mizani. Barabara ilikuwa imeamka: kinyozi na mashine yake, mwuza matunda, fundi cherehani, wote walewale.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Sikio. Umenitupa."

Nikachuchumaa mbele yake, karibu kabisa, mgongo wangu ukiwa barabarani, ili asione mtu mwingine. Sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyokusudia.

"Mzee, siku ile rodi haikulia. Nilisikia. Nikakudanganya."

Alinitazama mdomoni. Aliendelea kunitazama hata nilipokwisha kufunga mdomo. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya namba ya spana, kwenda na kurudi.

"Sisikii," akasema. "Paza sauti."

"Siku ile haikulia, Mzee."

"Sisikii, mwanangu."

"Haikulia!"

Mashine ya kinyozi ikazimika. Mzee akatikisa kichwa kwamba bado. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hanitazami tena mdomoni. Mtu huyu aliyewahi kujibu masengenyo kutoka ng'ambo ya barabara hakuwa na shida ya kunisoma mimi niliyekuwa magotini pake. Alikuwa ameinua uso, anatazama juu ya bega langu, mlango kwa mlango.

Nikasimama. Nikageuka nikampa mgongo, jambo ambalo mtu hafanyi kwa mzee, tena kiziwi. Nikaiambia barabara, kwa sauti niliyokuwa nayo yote, kwamba fundi aliigonga rodi, na rodi haikulia, na mimi ndiye niliyesema inalia. Fundi cherehani alivua miwani. Mwuza matunda aliuliza kitu, mwenzake akamjibu, na hakuna aliyeziba mdomo.

Nyuma yangu nikasikia vyuma vikiguswa. Mama Chuma alikuwa anavishusha kutoka kwenye mizani, kimoja kimoja, bila kuambiwa na mtu. Kisha nikasikia spana ya Mzee ikigonga mguu wa kiti, mara moja, kama alivyokuwa akigonga rodi na kungoja jibu.

Nikasema tena.